Niamini kilichonipata wodini au kilichoandikwa?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na nina genge la nyanya na vitunguu sokoni Majengo. Nimekulia Mvumi kwa bibi mzaa mama. Huko nilibatizwa, huko nikapata kipaimara, huko nikaimba kwaya. Nasema haya ili ujue kwamba mambo ya kanisa si mageni kwangu.

Mwaka jana mwanangu mdogo alilazwa kwa nimonia. Kuna usiku alizidiwa mpaka daktari akatuambia tusubiri kuche ndipo atajua. Alikuwa kwenye oksijeni, kila akivuta pumzi mbavu zinabonyea ndani, puani amebandikwa plasta inayomtoa malengelenge shavuni. Nilisimama nimeshika chuma cha kitanda, kanga imelowa maziwa kwa sababu alikuwa hanyonyi. Sikuwa naomba, Shangazi. Maneno ya kuomba yalikuwa yameniishia tangu jioni.

Halafu kikatokea kitu ambacho mpaka leo sijui nikiiteje. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Nilitulia tu, ghafla, na nikajua kwamba hatuko peke yetu pale. Nikajua pia kwamba mtoto akipona au akifa, hilo halitabadilika. Sikuambiwa atapona. Nikakaa chini sakafuni, nikaegemea ukuta, usingizi ukanichukua mpaka nesi aliponiamsha alfajiri ili apime joto la mtoto.

Mwanangu alipona. Kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Bahi, tuligawana uji na maji ya moto siku zote zile. Wa kwake alifariki kabla sisi hatujaruhusiwa. Namba yake ninayo, sijampigia.

Basi nikaja kulisema jambo hili kwenye kikundi chetu cha kujifunza Biblia. Mwalimu wetu, ambaye namheshimu sana, akanikata katikati. Akasema hisia ni hisia, na Neno ni Neno. Akanisomea Yeremia, kwamba moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote. Akasema kama ninataka kumjua Mungu nisome Maandiko, mengine ni uchovu wa wodini. Nilinyamaza, lakini nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele za watu.

Nikamweleza rafiki yangu wa sokoni. Yeye alifurahi mno. Akasema nimepewa, Biblia tuwaachie wachungaji, maana hata imeandikwa kwamba andiko huua. Akanipeleka kwa nabii wanayesali naye mikesha ya Alhamisi. Nabii hakuniuliza hata nilichokiona. Akasema ule ulikuwa wito, mtoto alipona kwa sababu niliitikia, na kwamba nifunge genge nije kuhudumu kwake, nikianza na sadaka ya mbegu ambayo kwa kweli ni mtaji wangu wote. Sikutoa. Ila ameniambia nikikataa wito, mtoto anaweza kurudiwa na ugonjwa. Tangu hapo mtoto akikohoa tu, mimi silali.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Nimejaribu kumfuata mwalimu, nafungua Biblia kila usiku, lakini naisoma kama nasoma risiti ya LUKU: namba nyingi, na hakuna kinachonigusa. Bibi yangu hakujua kusoma hata jina lake, na hakuna mtu niliyemwona anamjua Mungu kumzidi yeye. Sasa Shangazi, ufahamu wa mambo ya Mungu unapatikana wapi? Kwenye kile kilichonipata, au kwenye Kitabu? Na je, nisimame kanisani nitoe ushuhuda, au nikae kimya?

Mama wa Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na hongera kwa mtoto kupona. Mengine tutayasema, lakini hilo lisipite hivihivi.

Kila nikiisoma barua yako nakwama palepale, kwa yule mama wa Bahi. Umemtaja kwa sentensi chache ukampita haraka. Nitarudi kwake, kwa sababu naona swali lako limelalia kwake kuliko kwa mwalimu au kwa nabii.

Tuanze na mwalimu. Aya aliyokusomea ni Yeremia 17:9, na ni kweli tupu. Moyo hudanganya. Mimi nimeishi mji huu muda wa kutosha kuona watu wazima wakioteshwa waoe mke wa pili, wakioteshwa kwamba shamba la marehemu kaka yao ni lao. Ndoto za watu zina tabia ya kukubaliana na matakwa yao. Kwa hiyo usimchukie mwalimu, anaogopa kitu cha kweli. Shida ni kwamba ameishia njiani. Huyo huyo Yeremia, sura tatu mbele, 20:9, anasema alijaribu kunyamaza asiseme tena kwa jina la Mungu, akashindwa kwa sababu moyoni mwake mlikuwa na moto uwakao, uliofungwa ndani ya mifupa yake. Hayo nayo ni mambo ya ndani ya moyo, na yeye hayaiti uchovu.

Nenda tena sura ya 23, pale anapowashukia manabii wa ndoto. Ningetegemea awaambie wanyamaze. Hasemi hivyo. Anasema, "Nabii aliye na ndoto, na aseme ndoto yake", na mwenye neno la Mungu alitangaze hilo neno kwa uaminifu. Kisha anauliza, "Makapi ni kitu gani kuliko ngano?" Kuota hakukuwa dhambi. Walichokosea ni kuichukua ndoto wakaiita neno la Bwana, wakawatoza watu utii juu yake. Ndoto ibaki inaitwa ndoto.

Na wewe nakuomba ufanye hivyo hivyo. Kuna kilichotokea, na kuna maelezo ya kilichotokea. Kilichotokea ni kile ulichoniandikia: ulitulia, ukajua hamko peke yenu, ukajua kwamba kufa au kupona hakutaligusa hilo. Hicho ni chako. Hakuna mwalimu anayeweza kukitoa kwako kwa kusoma aya, kwa sababu hakuwepo. Lakini maelezo, yaani kwamba ulikuwa wito, au ulikuwa uchovu, au ni malipo ya imani yako, hayo si yako peke yako. Hayo ndiyo yanayopimwa, na kipimo hakitoki ndani yako. Walichofanya mwalimu na nabii, pamoja na kwamba wao kwa wao hawawezi kuketi benchi moja, ni kitu kilekile. Wote wawili wamekuletea maelezo kabla hawajakusikiliza umalize.

Soma Matendo ya Mitume kuanzia sura ya 10, na usisome kipande, soma mpaka ya 15. Petro yuko Yafa kwenye nyumba ya mtengenezaji wa ngozi. Saa sita mchana amepanda darini kuomba, ana njaa, chakula hakijaiva. Anaona shuka kubwa inashushwa ina wanyama wa kila aina, anaambiwa achinje ale. Anakataa. Inarudiwa mara tatu. Sasa angalia kinachofuata: Petro, mtume mkuu, anabaki anajiuliza maono yale maana yake ni nini. Hajui! Na akiwa bado hajui, watu wa Kornelio wanafika mlangoni kumuulizia. Akaenda nao hadi Kaisaria, nyumbani kwa ofisa wa jeshi la Warumi, mtu ambaye Petro kama Myahudi hakuwa akiruhusiwa kuingia kwake, na ni huko, kwa kuwaona watu wale, ndipo akaanza kuelewa kile alichokiona akiwa na njaa.

Haikuishia hapo. Aliporudi Yerusalemu wenzake walimbana: kwa nini umekula na wasiotahiriwa? Petro hakuwaambia "nimepewa, nyamazeni". Aliwaeleza kwa taratibu tangu mwanzo, na katikati ya kueleza anasema alilikumbuka neno la Bwana, lile la kubatizwa kwa Roho Mtakatifu. Neno alikuwa nalo siku nyingi. Lilikuwa limelala mpaka jambo lilipomtokea. Halafu sura ya 15 wanakaa kikao, wanabishana vikali, Petro anasimama anasema yaliyompata, Barnaba na Paulo wanasema yaliyowapata, ndipo Yakobo anafungua kinywa na kuonyesha kwamba maneno ya manabii yanapatana na hayo, akimtumia Amosi. Njaa, shuka, safari, mabishano, kikao, kitabu cha nabii wa kale: vyote hivyo ili watu waelewe jambo moja. Wewe unataka uelewe la kwako kati ya kikundi cha Biblia na mkesha wa Alhamisi?

Sasa mama wa Bahi.

Chukua maelezo ya nabii, kwamba mtoto wako alipona kwa sababu uliitikia wito. Piga picha umeketi na yule mama kwake, msiba bado haujapoa, unamwambia maneno hayo. Unaona yanavyokuwa? Maana yake wewe uliitikia, yeye hakuitikia. Mtoto wake amelipia. Ukishindwa kuyasema mbele yake, ujue maelezo hayo ni makapi, hata kama yamesemwa kwa maikrofoni. Na si mimi ninayesema. Luka 13, watu walimletea Yesu habari za waliouawa, akawauliza kuhusu wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wote wakaao Yerusalemu? Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Marafiki wa Ayubu nao walikaa naye vizuri siku saba bila kusema neno. Walipofungua midomo na kuanza kueleza kwa nini yamempata ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyekuwa analalamika.

Angalia pia jambo ambalo huenda hujaligundua kwenye barua yako mwenyewe. Hukuambiwa atapona. Umeandika hivyo, kwa mkono wako. Ulichokijua usiku ule kinaweza kusemwa kwa mama wa Bahi bila kumuumiza, maana kilikuwa hivyohivyo kama mtoto wako angekufa. Mimi si nabii, lakini hilo linanifanya nikiheshimu kilichokupata. Moyo unaojidanganya kwa kawaida hujiahidi unachokitaka. Wako haukujiahidi kitu.

Mpigie simu, kisha nenda. Treni na basi za Bahi zipo, si mbali. Usiende na ushuhuda wala na Biblia ya kumfariji nayo. Nenda na sukari na unga kama anavyoendewa mtu aliyefiwa, mtaje mtoto kwa jina lake, maana wengi hawamtaji tena. Akitaka kusema, msikilize. Akikuuliza wewe ulivyovuka usiku ule, hapo mweleze, na umweleze kilichotokea tu.

Kuhusu kusoma na kuona pakavu. Umeshanitaja bibi wa Mvumi, na jibu liko kwake. Bibi yako hakusoma Maandiko, lakini usiniambie hakuwa nayo. Aliyasikia. Wazee wetu wa Ugogo waliyapata kwa masikio: yamesomwa ibadani, yameimbwa na kwaya kwa Kigogo na ngoma na makofi, yamerudiwa shambani wakipalilia uwele. Na kabla ya hapo, karne nyingi duniani kote Wakristo walio wengi hawakuwa na kitabu nyumbani. Kusoma kimoyomoyo peke yako saa nne usiku, baada ya kutwa nzima sokoni, ni njia moja tu, na kwako wewe kwa sasa naona ndiyo ngumu kuliko zote. Soma kwa sauti. Kama una Biblia ya Kigogo, soma hiyo, uone maneno ya bibi yanavyorudi. Umsomee mtoto hata kama haelewi.

Na uchague pa kusoma. Mtu aliyetoka ulikotoka ukimwanzishia orodha za koo kwenye Mambo ya Nyakati unamtesa. Anza na Zaburi ya 88. Ni ya mtu aliyefika mwisho wa maneno, na inaishia gizani bila kufarijiwa, na bado imewekwa humo humo ndani ya Biblia. Kisha Ayubu, ukivumilia zile hotuba ndefu za katikati, mpaka 42:5 anaposema, "Nilikuwa nimesikia habari zako kwa kusikia kwa masikio, bali sasa jicho langu linakuona." Humo utakuta watu waliosimama kama wewe, wameshika chuma cha kitanda chao. Hicho ndicho ninachokijua kuhusu Maandiko: kwa sehemu kubwa ni habari za watu waliopatwa na mambo wasiyoyaelewa, na wenzao waliyapima, wakayahifadhi. Ukiyasoma kama sheria za kukukataza kuhisi, lazima yakauke.

Watu wa uamsho walilijua hili. Ule moto ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda na Tanganyika, ulifika mpaka hapa Dodoma. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi kule Uganda, alikuwa mwalimu hapa kwenye shule ya Alliance, ile iliyokuja kuitwa Mazengo na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha St John's. Wale ndugu walikuwa na kasoro zao, mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao na ukali wake naukumbuka. Lakini mikutano yao ilikuwa na vitu viwili pamoja: Biblia inafunguliwa, na mtu anasimama kusema yaliyompata, tena wenzake wana ruhusa ya kumuuliza. Ukijigamba wanakwambia. Tumerithi nyimbo zao, sijui kwa nini tumegawana yaliyobaki, hawa wakachukua kitabu na wale wakachukua ushuhuda.

Kuhusu rafiki yako na "andiko huua". Ni 2 Wakorintho 3:6. Mwambie aendelee kusoma mistari inayofuata, ataona Paulo anachambua habari ya Musa na utaji wake kutoka kitabu cha Kutoka. Mtu anayesema tuyaache Maandiko hawezi kutumia nusu sura kuyafafanua.

Nabii sitamzungumzia sana. Hakukuuliza ulichokiona, na hilo lingetosha. Kisha maelezo yake yote yanaishia kwenye mtaji wako na mikono yako kuwa vyake. Mika 3:11 aliwasema manabii wabashirio ili wapate fedha, kwa hiyo jambo hili ni la zamani. Lakini lililonikasirisha ni kumtishia mama kwa ugonjwa wa mtoto. Ile hali ya kutolala mtoto akikohoa haikutoka kwa yule aliyekutuliza wodini, imetoka kwa huyu. Mtoto aliyewahi kupata nimonia akikohoa, mhesabie pumzi, mwangalie mbavu kama zinabonyea, na ukiona dalili mpeleke kituo cha afya usiku huohuo. Hilo ni la kitabibu, halihitaji mbegu.

Ushuhuda wa kanisani subiri kwanza. Hakuna dhambi ya kukaa na jambo. Liandike kwenye daftari sasa hivi kama lilivyokuwa, kabla halijaanza kuongezeka urembo kila ukilisimulia. Ushuhuda wetu huwa unanenepa. Tafuta mtu mmoja mzima wa akili wa kuongea naye, mchungaji au mke wa mchungaji, au mwalimu wa theolojia pale Msalato, ambaye hafaidiki na lolote kwa utakachoamua. Na kwenye kikundi cha Biblia usiondoke. Pendekeza msome Matendo 10 hadi 15 kwa mfululizo, na uone mwalimu atakavyofika kwenye lile shuka. Huenda akakushangaza.

Genge usifunge. Paulo alishona mahema na bado akahubiri. Alhamisi rafiki yako akija kukuchukua mkeshani, mwambie alfajiri unashusha nyanya za Ilula na unahitaji kulala.

Shangazi